Nani Atampima Dereva wa Kijijini?

Wengi wenu mmekwisha kupanda basi katika barabara kuu ya Dar es Salaam, Morogoro na Iringa, na huenda mmeona askari wa usalama barabarani akilisimamisha basi, akamwambia dereva apulize katika kichombo kidogo. Kichombo hicho hupima pombe iliyomo katika pumzi. Dereva akikutwa amelewa huteremshwa. Ni jambo jema sana. Lakini sisi wa Kisaki, tulio nyuma ya milima ya Uluguru, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Morogoro, kichombo hicho hatukioni. Dereva wetu ni kijana wa bodaboda, na askari wetu ni tope.

Nasema tope, wala sifanyi mzaha. Wakati wa masika barabara yetu ya Matombo na Mvuha huwa mbaya hata hapana awezaye kwenda mbio; mashimo humzuia mlevi na asiyelewa vilevile. Sasa Serikali imeweka mpango wa kutia lami kipande cha Bigwa hadi Mvuha, kilomita 78, nasi twafurahi, maana ufuta na mpunga wetu utafika sokoni upesi. Lakini siku lami itakapotufikia sisi, tope litastaafu, na yafaa tuulizane mapema nani atashika kazi yake.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza mambo mawili, na ni vizuri kuyatenga. La kwanza ni kuendesha chombo ukiwa umelewa pombe au dawa hata huwezi kukiongoza sawasawa. La pili ni kuendesha ukiwa na pombe mwilini kupita kiwango, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Hili la pili lataka mashine. La kwanza lataka macho, na watu walio tayari kutoa ushahidi. Majirani zetu wa Kenya walionyeshwa tofauti hii mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilipoona kwamba kanuni zao za kupima pumzi hazikupatana na sheria yenyewe ya barabara.

Hesabu ya hiyo 80 yatupasa sote kuijua, hasa wazazi. Mwili wa mtu huondoa pombe polepole, kama miligramu 15 kwa saa. Basi mtu aliyefikia 180 saa sita ya usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado anayo 90. Amekwisha oga, amekunywa chai, ameiwasha pikipiki, anawabeba watoto wawili kwenda shule (mishikaki, kama tusemavyo), na kwa sheria ni mlevi. Kahawa, ndimu na maji ya baridi humwamsha tu, pombe haziiondoi. Wengi walidhani pombe za viroba zilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 taabu hii ingepungua sana. Kweli kiroba kilitoka katika mfuko wa shati, lakini gongo haikuhitaji mfuko.

Tena kichombo cha pumzi hakioni bangi. Wala tusijidanganye kwamba bangi ni habari ya mjini: mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba yake katika wilaya yetu hii ya Morogoro. Jimbo la Victoria kule Australia lilianza mwaka 2004 kuwapima madereva mate barabarani. Uingereza nayo, mwaka 2015, iliweka viwango vya dawa katika damu ya dereva, na baadhi yake ni dawa za hospitali. Kupima mkojo si kubaya, ila bangi hukaa katika mkojo siku nyingi, hata baada ya kichwa kutulia, na dereva aweza kuadhibiwa leo kwa mambo ya juma lililopita. Ndiyo maana wenzetu wamechagua mate na damu. Hata dawa ya mafua, hiyo Piriton tunayopewa zahanati, huleta usingizi; apewaye na aulize kama aweza kuendesha.

Mwaka jana wakati wa kuvuna ufuta jirani yangu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Kijana wa bodaboda akaitwa. Alifika upesi, lakini macho yake yalikuwa mekundu na maneno yalimteleza. Mume alitaka kumpakia mkewe hivyo hivyo, kwa kuwa chombo kingine hakikuonekana. Mama mkwe akasimama mlangoni, akasema, “Mwanangu, pikipiki yako nzuri, ila wewe nenda ukalale.” Tukangoja karibu saa nzima, mama yule akiugua, mpaka akapatikana kijana mwingine. Alifika zahanati, akajifungua salama. Na yule wa kwanza? Usiku uleule alipakia gunia la mchele, akalifikisha bila kuanguka, na asubuhi akatucheka kijiweni.

Nimewaeleza mwisho wake kama ulivyokuwa, kwa sababu hicho ndicho kicheko kinachotushinda. Mlevi akifika salama mara kumi, hizo kumi huwa ushahidi wake. Hapa kwetu kuna tembo wa kunywewa na tembo wa kutoka porini, na usiku wote wawili huweza kukutana barabarani. Siku hiyo hatapatikana wa kumcheka mwenziwe.

Mimi nasema mwenye kubeba watu kwa nauli asinywe hata tone kabla ya kazi. Nalo si jambo la kungoja mashine. Serikali ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, mkutano wa kijiji ukashauriwa, na halmashauri ya wilaya ikaithibitisha. Lakini naomba isiwe sheria ya faini. Pua ya mgambo ikipewa uwezo wa kutoza fedha, itanusa pombe hata kwa aliyekunywa uji. Yatosha watu wawili wa kijiwe chenyewe wakubaliane kwamba mwenzao hafai, wamnyang'anye ufunguo, wamrudishie kesho mchana. Hapo hapana anayefaidi kitu, na kijana hupoteza nauli ya siku moja tu. Akijeruhi mtu au akirudia, huyo ni wa polisi.

Vijana wa kijiweni nimewauliza. Wazee wao wamekubali. Wadogo wamenung'unika kwamba abiria walevi mbona hawapimwi. Neno lililobaki ni nani atunze funguo hizo usiku. Mwenyekiti wa kijiji anakaa mbali. Wengine wamemtaja mama mmoja auzaye chai karibu na stesheni ya TAZARA, kwa kuwa treni ikichelewa naye hafungi, na vijana wote humwita mama na hapana aliyewahi kumtukana. Mwenyewe amesema atakubali, mradi apewe sanduku lenye kufuli.