Machakos, Nchi Iliyofufuliwa kwa Jembe

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Mombasa huvuka kwanza mbuga za Athi, nchi tambarare ya majani. Akiiacha barabara kuu na kuelekea mashariki, ataona vilima vya Mua na Iveti vikisimama mbele yake. Chini ya Iveti ndipo ulipo mji wa Machakos.

Jina hilo latokana na Masaku, mzee wa Wakamba aliyesifika kwa kutabiri. Mwaka wa 1889 Kampuni ya Kiingereza ilijenga ngome hapa, na mwaka wa 1892 John Ainsworth akaja kuisimamia. Basi Machakos ilikuwa boma kabla Nairobi haijawa mji. Lakini reli ilipita mbugani, na mwaka wa 1899 makao makuu ya jimbo yakahamishiwa Nairobi.

Wenyeji walibaki na vilima vyao. Mvua huko ni za vipindi viwili, Machi hata Mei, na Oktoba hata Desemba, nazo mara nyingi hukosa. Watu na mifugo walipozidi, majani yaliisha, na kila mvua ikachukua udongo. Mwaka wa 1938 Serikali ilianza kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ndipo maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walipokwenda Nairobi kumlilia Gavana. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Hata matuta yalipochimbwa kwa lazima, yalichukiwa. Dawa ilipatikana wenyeji walipoitumia mwethya, desturi yao ya zamani ya majirani kusaidiana kazi. Tena walipenda zaidi tuta la namna nyingine: mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, kisha hupanda majani juu ya ukingo ule. Maji husimama na kuzama, na mwaka baada ya mwaka shamba hulala sawa. Tuta hilo huitwa "fanya juu", na wataalamu wa nchi za mbali hulitaja kwa jina lilo hilo la Kiswahili.

Katika miaka ya 1930 wilaya ile, pamoja na Makueni iliyotengwa mwaka wa 1992, ilikuwa na watu 240,000 hivi. Kufika mwaka wa 1990 walikuwa kama 1,400,000. Hata hivyo watafiti waliotoa kitabu mwaka wa 1994 waliona kuwa udongo ulioliwa na maji ulikuwa umepungua, na miti imeongezeka.

Mkulima mwenzangu, hilo ndilo fundisho la Machakos. Wingi wa watu si lazima uue nchi, ikiwa kila mmoja anajua kwamba shamba alilolitengeneza litabaki kuwa lake na la wanawe. Lakini tuta lisipotengenezwa hubomoka. Basi na litazamwe kabla ya mvua za Oktoba.