Bariadi: Kwa shangazi tembo huja bure!

Washikaji zangu wa Kinondoni nilipowaambia mwaka huu naenda kujirusha Bariadi, mmoja alicheka mpaka akamwaga soda. "Wenzio wanakwenda Unguja, wewe Bariadi? Unakwenda kuchunga?" Sikumjibu. Nikabeba begi langu, haoo, Mwanza.

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma unaipita Magu, ziwa linakuchungulia upande wa kushoto, mpaka Lamadi. Hapo unakata kulia na kula lami kilometa kama 72 hadi Bariadi mjini. Mkoa wenyewe wa Simiyu ni mtoto wa juzi. Ulizaliwa 2012, ukamegwa Shinyanga na kipande cha Mwanza.

Jina ni la mto, na mto huo msiudharau. Kiangazi kuna mahali utaukuta ni mchanga mtupu na akina mama wanafukua visima wapate ndoo moja. Lakini mwaka 1875 yule mzungu Henry Morton Stanley, alipokuwa analizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, aliuandika "Shimeeyu" na kuutangazia ulimwengu kwamba ndiyo chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini. Sifa hiyo baadaye ilikwenda mito mingine. Hata hivyo maji ya Simiyu huingia ziwani, na ya ziwani hutokea Jinja yakaenda zake Misri. Mfarao anakunywa maji ya Msukuma, mnataka nini tena?

Mji hauna mbwembwe. Baiskeli, ng'ombe, pamba na jua. Wenye umri kidogo watakumbuka kwamba huku ndiko kwa John Cheyo, "Bwana Mapesa", aliyegombea urais 1995. Na najua wengine mnasubiri niseme habari za Gamboshi, kile kijiji kinachosifika nchi nzima kwa uchawi, eti usiku kinawaka taa kama Ulaya. Sikufika, na sioni aibu kusema. Mambo niliyoyakuta usiku kwa shangazi yalinitosha.

Shangazi anaishi upande wa mashariki, karibu na Pori la Akiba la Maswa, ambalo limepakana na Hifadhi ya Serengeti. Nilifika jioni, "shikamoo shangazi," "marahaba mwanangu, mbona umekonda?", nikaletewa maziwa mgando na michembe. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa, pamba imeanza kupasuka.

Saa saba usiku nikashtuliwa na kelele. Madebe yanagongwa, mbwa wanabweka, watu wanapiga mayowe. Nikajua wezi! Nikatoka na kandambili mguu mmoja. Binamu yangu akanivuta mkono, "Usiende huko. Tembo." Mwanga wa tochi yake ukagusa kitu cha kijivu, kikubwa kama ukuta, kisha ukuta ule ukatembea.

Asubuhi tukaenda kuangalia. Nusu eka ya mahindi imelala chini, na pamba iliyokuwa njiani imekanyagwa. Shangazi hakulia. Aliinama akaanza kuokota mahindi yaliyosalia, moja moja, akiyatia kwenye kanga. Tangu 2011 kuna kanuni za serikali za kuwapa watu kama yeye "kifuta jasho", na familia ya aliyeuawa au kujeruhiwa "kifuta machozi". Ukisikiliza majina hayo utaelewa mwenyewe kwamba si fidia.

Nikamwambia shangazi kwamba wazungu wanapanda ndege na kulipa dola kuja kuwaona hao hao. Akanitazama. "Wangekuja kwangu. Hapa wanakuja bure, tena mpaka mlangoni."

Hapo ndipo lilinijia wazo. Binamu ana miaka thelathini na ushee, kazaliwa hapo hapo, na hajawahi kutia mguu Serengeti! Hifadhi hiyo ipo tangu 1951, ukubwa wake kilometa za mraba 14,763, na sehemu yake imo ndani ya mkoa wake mwenyewe. Kiingilio cha Mtanzania hakitishi, ni cha shilingi. Kinachoua ni gari. Tukachangishana watu sita, tukakodi moja Lamadi, na alfajiri tukaingia lango la Ndabaka. Kutoka Lamadi hadi langoni si mwendo wa kuchosha, hata usingizi haujakukolea.

Nyumbu, jamani! Wanateremka upande huu wa magharibi miezi ya Mei mpaka Julai wakiufuata Mto Grumeti, ambako mamba wanawangoja kama konda anavyongoja abiria. Nilipiga picha mpaka simu ikazima. Pundamilia, twiga, viboko, vyote vimo.

Lakini binamu alinyamaza. Mpaka tulipowakuta tembo, kundi zima na watoto wao, wanakula majani pembeni ya njia bila habari na mtu. Dereva akazima injini. Kitoto kimoja kilikuwa kinajaribu kunyanyua kijiti kwa mkonga, kinamponyoka, kinajaribu tena. Binamu akasogea dirishani.

"Sijawahi kuwaona mchana," akasema.

Tukakaa pale robo saa. Mara akamuuliza dereva kwa sauti ya chini, "Na hawa ndio wanaokuja kwetu?" Dereva akasema huenda, tembo hana mpaka. Binamu akatikisa kichwa, akaendelea kukitazama kile kitoto.

Saa tisa akaanza kuhesabu muda. Nikamwambia tulia bwana, tumelipia siku nzima. Akasema zamu ya shambani usiku huo ni yake. Tulipotoka Lamadi ikawa inachangamka, sato wanakaangwa barabarani, muziki kila duka. Mimi nilinunua samaki. Yeye alinunua betri nne za tochi, akakimbilia gari la Bariadi.