Usipake Silikoni Juu ya Shida

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi gari za kulala ndani. Kila mtu anaposti kitanda, taa za rangi na machweo ya Naivasha. Hakuna anayeposti chini ya sinki. Na huko ndiko gari huanza kuoza.

Yangu niliinunua ikiwa imetumika. Fundi aliona maji yanadondoka, akaniambia tupake silikoni, shilingi 500, kwisha. Nikakataa. Raba ikizeeka hukauka, na gari likitikiswa na barabara mbovu kila siku, nati zinalegea. Silikoni inaficha tu. Maji yanaendelea kunywewa na plaiwudi polepole, hadi siku moja unakanyaga sakafu na mguu unazama.

Tulibadilisha kila kitu: kichujio, raba, na ile paipu iliyopinda kama U. Hiyo U si mapambo. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanazuia harufu ya tangi la maji machafu kupanda hadi kwa mto wako. Nati za plastiki kaza kwa mkono. Ukizilazimisha kwa spana zinapasuka. Kisha jaza sinki, achilia maji yote mara moja, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, rudia. Halafu endesha kwa mashimo, ukague tena.

Maoni yangu? Kama doo ni kidogo, taa zingoje. Hiyo ni nyumba, na nyumba inayovuja haiokolewi na picha kali.

Wewe ungeanza na nini?