Mbuzi wa Baba, Mbuzi ya Mama

Mlo wa asubuhi una majina mengi. Kuna kifungua kinywa, kuna kiamshakinywa cha wenzetu wa Kenya, kuna na staftahi, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu na ambalo sijawahi kumsikia mtu mwenye njaa akilitamka. Nyumbani kwetu Magomeni tulisema chai, basi. "Umekunywa chai?" Swali hilo lilibeba mihogo, vitumbua, kiporo cha wali kilichopashwa moto, hata uji siku ambazo majani ya chai yenyewe yameisha.

Jumapili kulikuwa na chai mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Baba. Saa moja asubuhi ananigusa mguu: "Vaa viatu." Tunatembea mpaka kwenye banda la supu, tunabanana kwenye benchi na wanaume wanaobishana Simba na Yanga kana kwamba mechi inachezwa pale mezani. Supu ya mbuzi inakuja kwenye bakuli ikifuka moshi, mafuta yanaelea juu kama visarafu vya dhahabu, chapati mbili pembeni. Baba alikuwa na masharti yake. Onja kwanza kabla hujagusa chumvi. Ndimu kamua mwisho. Pilipili usiionee haya, lakini usishindane nayo. Mfupa wenye uboho alinipa mimi, nikaugonga kwenye sahani kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Aisee, sijala kitu kitamu kama kile, na nimekula sehemu nyingi.

Wanawake pale walikuwa wale waliokuwa wakisukuma chapati.

Chai ya pili ilikuwa ya Mama, na ilianza tangu Jumamosi usiku, mbaazi zinapolowekwa. Alfajiri anaketi juu ya mbuzi. Mgeni wa Kiswahili huchanganyikiwa hapa: mbuzi wa Baba alikuwa sufuriani, mbuzi ya Mama ilikuwa kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno, cha kukunia nazi. Anakuna, anakamua tui zito analiweka kando, anakamua tena tui jepesi la kuchemshia. Mbaazi zikishaiva vizuri, zimeanza kulainika lakini hazijarojeka, ndipo tui zito linaingia, na pilipili mbichi nzima juu, isipasuke. Maandazi ameshaukanda unga wake kwa iliki, na unaumuka chini ya kitambaa. Mama ni mtu wa Tanga. Kwake mbaazi za maji bila nazi ni chakula cha mgonjwa.

Tunarudi saa tatu, midomo inang'aa mafuta. "Karibuni chai," anasema. Na sisi, kwa pamoja: "Tumeshiba."

Baba alikuwa akichukua andazi moja, la heshima. Mama anafunika vyombo kwa kawa. Nilikuwa nikidhani ndivyo Jumapili zinavyokuwa.

Baba alipofariki niliandika makala juu ya lile banda. Niliisifia supu, nikausifia ule mfupa, nikamaliza kwa machozi. Dada yangu akamsomea Mama kwenye simu yake. Mama akanipigia jioni. Akasema nimeandika vizuri, na ile habari ya ndimu ni kweli kabisa, mzee alikuwa hivyo hivyo. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na mimi nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya wanachofanya watoto wenye hatia wakishapata mshahara: nikampeleka hotelini. Hoteli ya ufukweni, kwenye kile chakula cha saa tano ambacho mjini sasa wanakiita branchi, si chai si chakula cha mchana. Mayai yanakaangwa mbele yako, soseji, mikate ya kila namna, matunda yamechongwa maua. Mama alizunguka meza zote mikono nyuma, kama mkaguzi. Chai ililetwa maji moto upande huu na kijifuko chenye uzi upande huu. "Hii wameiloweka," akasema, "hawajaipika." Pembeni kabisa akakuta mbaazi kwenye chungu. Akaonja kijiko kimoja. "Tui la boksi."

Lakini kilichoniumiza si hicho. Kila mhudumu aliyepita alimpa pole na kazi. Tulipomaliza akaanza kupanga sahani zetu, kubwa chini ndogo juu, vijiko upande mmoja, na kijana alipokuja kuzichukua Mama akaomba radhi. Akauliza bei. Nilimtajia nusu, na bado alishika kifua.

Garini alikaa kimya mpaka Selander. Halafu: "Ile ya baba yako, ni wapi?"

Lile banda halipo tena, pamejengwa maduka. Jumapili iliyofuata tukaenda kwenye jingine, mtaa wa pili. Wanaume walisogea kwenye benchi, mmoja akamwambia "Shikamoo mama, karibu." Nilitaka kumweleza masharti ya Baba, nikajizuia. Yeye mwenyewe alionja kwanza, bila chumvi. Akanyamaza. Akakamua ndimu mwisho.

"Kumbe ndiyo hii," akasema.

Nikasubiri aikosoe. Nilijua angesema haina nazi, na kweli akasema. Akaendelea kunywa. Akaugonga mfupa kwenye sahani, taratibu, akitazama kama kuna anayemwona.

Nikamuuliza kama tumfungie nyingine ya kwenda nayo nyumbani.

"Nyumbani nikafanye nini? Mwite yule binti, aniletee chapati ya pili. Ya moto."