Kutu Haifichwi kwa Rangi



Wapendwa wasomaji wetu, tunawaandikia kutoka hapa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali tulilopelekewa na familia moja ya parokia yetu. Je, ni halali mtu mwenye wajukuu wa kusomesha atumie fedha na nguvu zake kufufua gari la zamani la mashindano, ambalo halijatembea kwa zaidi ya miaka thelathini? Huenda mmoja wenu akaliona swali hili kuwa dogo. Sisi tulilikuta limeigawa nyumba. Wenyewe wameturuhusu tulieleze, nasi majina yao tunayahifadhi.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS. Kwa mpita njia ni gari la kawaida la milango minne, lenye umbo la kisanduku. Ukifungua boneti, mambo hubadilika: injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 1595, inalishwa na kabureta mbili badala ya moja. Nyuma, kila gurudumu lina springi na mkono wake, hivyo moja likiingia shimoni jingine halivutwi nalo. Jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa katika barabara zetu za vumbi na matope.

Walio na umri mkubwa miongoni mwenu wanakumbuka mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Hayakuwa mashindano ya kasi tu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa Datsun 240Z. Tangu hapo kijana wa Afrika Mashariki aliyeona herufi zile tatu nyuma ya gari aligeuza shingo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa kaka wa mzee wetu. Alilinunua gari hili likiwa limekwisha kutumika, akamfundishia mdogo wake kuendesha, na alipofariki akamwachia. Mzee wetu ni fundi kerezo. Ufundi wake aliupata katika karakana ya Mang'ula, iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Gari likabaki juu ya mawe chini ya mwembe, mvua za bonde letu zikalinyeshea, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Alipostaafu akalisogeza kwenye kibanda cha makuti, akaanza.

Tulipokwenda kulitazama, tulistaajabu kuona kwamba kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kubomoa. Magari ya aina hii hayana fremu peke yake na bodi peke yake. Bati la sakafu na kingo zilizo chini ya milango ndizo zinazobeba kila kitu. Kingo hizo zina uwazi ndani. Tope huingia, hushika maji, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo rangi huweza kung'aa hali nyuma yake hakuna kitu. Mzee alitupa bisibisi akatuambia tuchokoze palipoonekana pazima. Ilizama hadi kwenye mpini.

Fundi mmoja alikwisha kumshauri azibe matundu kwa puti, apige msasa, apake rangi, na gari litapendeza kabla ya Pasaka. Mzee alikataa. Alikata kutu yote mpaka alipofikia chuma kizima, hata pale ambapo kukata kuliacha pengo la kupitisha mkono. Kabla ya kukata, alichomelea vyuma vya muda kuvuka uwazi wa milango ili bodi isikunjamane kwa uzito wake yenyewe. Kisha akaunda vipande vipya kwa nyundo, akavichomelea kwa nukta ndogo ndogo, moja upande huu na nyingine upande ule, kwa maana bati likipata joto jingi mahali pamoja hupinda.

Injini ilikuwa imeganda. Hakuilazimisha. Alitoa plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, akasubiri siku kadhaa, kisha akajaribu kuizungusha kwa spana na mkono mtupu. Siku ya tisa ikasogea. Baadhi ya vipuri alivipata katika pikapu kuukuu, kwa kuwa injini za ukoo huo zilitumika pia katika pikapu za Datsun. Tangi la mafuta lilikuwa limetoboka. Jirani akasema lichomelewe. Hapo mzee alipaza sauti, na tunarudia maneno yake kwa faida ya vijana wetu wa gereji: tangi lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekauka miaka mingi, lina mvuke ndani, na moto wa kuchomelea waweza kuligeuza bomu. Akatafuta jingine.

Anayemsaidia ni binti yake wa mwisho. Yeye ndiye aliyetia kila boliti katika kopo lake na kuandika limetoka wapi. Leo binti huyo anachomelea vizuri kiasi kwamba watu humletea matrela ya pawatila kutoka mashamba ya miwa.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mama wa nyumba hiyo alitufuata ofisini akasema, "Baba Paroko, mwenzangu anamjengea marehemu nyumba, na sisi tulio hai paa linavuja." Mwana wao aliyeko Dar es Salaam alitaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, bei ilikwisha kutajwa. Mzee naye, tulipomwuliza, alijibu kwa utulivu: "Baba, hili si langu la kuuza. Niliachiwa."

Tuliketi nao jioni tatu. Tungependa kuwaambia kwamba mmoja wao alikuwa na kosa na mwingine na haki, lakini haikuwa hivyo. Mama alikuwa na haki: mjukuu wao alirudishwa nyumbani kwa michango ya shule siku ile ile ambayo gesi ya kuchomelea ilinunuliwa. Mzee naye alikuwa na haki, kwa sababu mikono iliyofanya kazi miaka yote haikustaafishwa na barua, na kumbukumbu ya ndugu si takataka.

Tuliwakumbusha habari za Joginder Singh, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Tuliwasimulia pia habari za Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda Safari ya magari ya kale, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2003, na aliyeketi kando yake akimsomea njia alikuwa mwanawe Mathias. Mama alitusikiliza, kisha akauliza, "Hao walikuwa na daftari la matumizi?"

Swali hilo ndilo lililotufungulia mlango. Mnakumbuka mfano wa mnara katika Injili ya Luka: aibu ya yule mjenzi aliyeishia kwenye msingi ilitokana na hesabu ambayo hakuipiga. Tukaomba daftari. Mzee akaandika yote aliyotumia, bila kupunguza, na mama akasoma kwa sauti. Haikuwa jioni nyepesi. Yalikuwamo manunuzi mawili ambayo mama hakuyajua kabisa, na mzee aliinamisha kichwa.

Walichokubaliana ni hiki. Fedha ya mpunga haitaligusa gari. Ni ya chakula, shule na paa. Gari litakula kile tu ambacho mzee na binti yake watakipata kwa kazi za mikono yao, na hata hicho, theluthi moja itaingia kwanza katika mfuko wa mama. Breki zitatengenezwa zote, kwa mipira mipya, kabla ya rangi. Gari halitauzwa mzee akiwa hai. Baada yake, litakuwa la binti aliyelifanyia kazi, naye mwana wa Dar es Salaam ameridhia kwa simu, ingawa kwa kusitasita.

Wapendwa, tumelitafakari jambo hili kwa siku nyingi. Kufufua kitu cha kale si kukirudishia uzuri wa nje. Ni kukubali kuona uozo wake wote, kuukata, na kuvumilia kipindi kirefu ambacho kitu kinaonekana kibaya kuliko mwanzo. Nyumba ile ilifanya kwa daftari kazi ile ile ambayo mzee aliifanya kwa nyundo na moto. Wangeweza kuziba kwa maneno laini, nasi tungeweza kuwasaidia kuziba. Wangependeza mbele za watu hadi Pasaka, na bisibisi ingezama.

Kama nawe unacho kitu cha wazee wako unachotaka kukifufua, iwe gari, cherehani, mashine ya kusaga au shamba, usianze na rangi. Waketishe walio nyumbani mwako, wenye haki ya kula kabla ya chuma, mhesabu pamoja. Hesabu ikikataa, kitu hicho kitunzwe pakavu na kisubiri. Chuma kilichopakwa grisi kinajua kusubiri.

Paa la nyumba ile limekwisha kuezekwa upya upande wa jikoni. Injini iliwaka Jumamosi iliyopita, kwa moshi mwingi na kelele, kwa kuwa bomba la moshi bado halijafungwa. Rangi haijanunuliwa.