Sinia Moja, Miili Miwili

Jumanne, 4 Machi 2025
Leo kwenye mizani ya kliniki yetu mama mmoja kaambiwa, foleni nzima ikisikia, apunguze kula. Akajibu, "Mwanangu, mimi na wifi yangu tunakula sinia moja, mbona yeye kakonda?" Watu wakacheka. Swali lilikuwa zuri kuliko ushauri wetu.

Usiku nimerudia utafiti wa Claude Bouchard wa Québec, 1990. Vijana wa kiume, jozi 12 za mapacha wa kufanana, walilishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Mmoja aliongezeka kilo 4.3 tu, mwingine 13.3. Ziada ni ile ile! Ila pacha alikaribiana na pacha mwenzake, hata mafuta yalikokaa mwilini. Wifi ni wa ukoo mwingine. Sinia haliwapi damu moja.

Jumatano, 5 Machi
Denmark, 1986: Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 walioasiliwa utotoni. Unene wao ulifuata wa wazazi waliowazaa. Wa waliowalea na kuwapikia haukuonyesha uhusiano.

Ijumaa, 7 Machi
Hili la hapa kwetu Tanzania ndilo linalonisumbua. Mwaka 2012 Herman Pontzer alichapisha vipimo vya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Walinyweshwa maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, kisha mkojo ukapimwa kujua mwili umetumia nishati kiasi gani. Wanaume hutembea kutwa wakiwinda, wanawake huchimba mizizi, wote wembamba. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya Wamarekani wanaoshinda vitini. Pontzer anaona mwili hubana matumizi kwingine ili kufidia mwendo.

Sasa nitamwambiaje mtu kwamba kutembea hadi sokoni kutamaliza chapati? Atembee, ndiyo, kwa ajili ya moyo, presha na sukari. Kilo ni hesabu nyingine.

Jumapili, 9 Machi
Jeni la FTO, lililotangazwa 2007: Wazungu waliorithi nakala mbili za aina yake ya kunenepesha walizidi wasio nayo kwa kilo 3 hivi. Linaonekana kugusa hamu ya kula zaidi ya uchomaji wa nishati. Tena lipo tatizo jingine la nadra: mwaka 1997 Uingereza, watoto wawili wa ukoo mmoja waligunduliwa hawana leptini, homoni inayoujulisha ubongo akiba ya mafuta. Njaa yao haikuisha. Mmoja alipodungwa leptini, akapungua. Hakuna aliyemfundisha nidhamu.

Bila shaka, vinasaba vya bibi zetu havikubadilika juzi. Soda na chipsi ndizo zilizojaa mtaani, na kila mwili unazipokea kwa namna yake. Lakini kumhukumu mtu uvivu kwa kumtazama kiuno ni ujinga, hata kama anayehukumu amevaa koti jeupe.