Nilianza kwa Kuitikia

Mume wangu alipofariki sikuacha kusali. Niliacha kusifu. Kwaya ikianzisha pambio nilishika kitabu cha nyimbo na kufunga mdomo, wapendwa waliokaa karibu nami wakadhani ni kilio tu. Kilio kilikuwepo, ila niliona pia kwamba kumsifu Mungu siku zile kungekuwa kumwongopea. Ukuu wake sikuutilia shaka. Aliyeziumba nyota angeshindwaje na figo za mtu mmoja? Hapo ndipo palipouma.

Zaburi niliyoishi nayo ni ya 88, inayoanza kwa kulia na kuishia gizani. Namshukuru Mungu kwamba imo katika Biblia. Waliokuja kunifariji walinihimiza nisome zaburi za furaha. Wangejua jinsi ile ya 88 ilivyonisitiri, wasingenikimbiza.

Badiliko lilianzia kwenye ibada ya katikati ya juma. Mzee wa kanisa aliyeongoza alitaka tusome Zaburi ya 136 kwa kupokezana: yeye asome, sisi tuitikie. Ina mistari 26, na kila mstari unarudia kiitikio kimoja, kwamba wema wa Mungu hauna mwisho. Wayahudi huiita Haleli Kuu, nao huisoma usiku wa Pasaka. Mimi niliitikia kwa adabu tu, nisionekane nimesusa. Lakini zaburi ile haikunidai nitunge sifa, wala nieleze moyo wangu ulivyo. Ilinidai nijibu, basi. Kutaja matendo ya Mungu ilikuwa kazi ya mwingine.

Nikaanza kusikiliza kilichokuwa kikitajwa. Mbingu, nchi juu ya maji, jua, mwezi. Kisha Misri na Bahari ya Shamu, na wafalme Sihoni na Ogu wanaouawa. Hapo mpaka leo huitikia kwa sauti ya chini, maana nao bila shaka waliacha wajane. Halafu, karibu na mwisho, zaburi inashuka: Mungu anawakumbuka walio katika unyonge, anampa chakula kila mwenye mwili. Iliyoanza kwa kuumbwa kwa mbingu inaishia kwenye chakula! Na nyumbani kwangu, siku zote za matanga, chakula hakikukosekana. Majirani walileta unga, maharage na kuni. Wifi yangu aliacha palizi shambani kwake akaja kunipikia uji, akanisimamia mpaka niunywe. Hayo yote nilikuwa nimewashukuru watu, na walistahili. Jioni ile niliuona na mkono mwingine nyuma ya mikono yao.

Tangu hapo nilizisoma zaburi za sifa kwa macho mengine, nikakuta kwamba waliozitunga hawakuutenga ukuu na wema kama nilivyofanya mimi. Katika Zaburi ya 147, mstari wa 3 unamtaja Mungu akiwafunga vidonda waliopondeka moyo, na wa 4 unamtaja akizihesabu nyota. Hakuna hata neno la kuvusha kutoka huku kwenda kule.

Ile ya 145 nilifundishwa na mchungaji wetu aliyesoma Kiebrania chuoni. Kwa kuwa nafundisha darasa la kwanza, alijua nitaipenda: mistari yake inafuata alfabeti, kuanzia Alefu hadi Tau. Ila katika maandiko ya Kiebrania yaliyopokelewa na Wayahudi, mstari wa herufi Nuni haumo. Upo katika gombo la Zaburi lililopatikana mwaka 1956 kwenye pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, na unasema habari za uaminifu wa Mungu. Hata hivyo kilichonishika zaidi ni maelezo ya zamani ya Rabi Yohanan, yaliyomo katika Talmud. Alisema Daudi aliiruka Nuni kwa sababu ndiyo herufi inayoanza lile neno la Amosi kuhusu Israeli aliyeanguka asiinuke tena. Herufi inayofuata ni Sameki, na mstari wake unamsifu Mungu anayewategemeza wote waangukao. Wataalamu wa magombo watakuwa na majibu yao, nami siwapingi. Mimi namwelewa Rabi. Katika sifa zangu pia kuna mstari usiosomeka, na unaofuata unasomeka vizuri kabisa.

Siku hizi naimba tena, sauti ya pili kama zamani. Zaburi ya 88 sijaiacha. Bado huisoma tarehe ya msiba ikifika. Nikienda kumwona mama aliyefiwa simwambii amsifu Mungu. Tukishakula na kuosha vyombo, kama anataka, nafungua ile ya 136, nasoma mimi, na yeye anaitikia anapoweza. Asipoweza, wifi yake au binti yake anaitikia kwa niaba yake, nami naendelea na mstari unaofuata.